Mama Alipotaka Kurudi Malindi



Liko swali ambalo huzungumzwa kwa sauti ya chini katika nyumba nyingi za watu wa pwani wanaoishi Nairobi. Baba akistaafu, au mama akibaki mjane, akae wapi? Abaki mjini karibu na watoto na hospitali kubwa, au arudi pwani kwenye mtaa wake ulio kando ya bahari? Sisi tulijiuliza swali hilo, tukagombana kwa ajili yake, na mwisho wake hatukuutarajia. Tunausimulia hapa kwa idhini ya mama yetu mwenyewe, aliyetuwekea sharti moja tu: tuseme kweli yote, na pale tulipokosea tusijifiche.

Utulivu wa Mountain View

Sisi ni ndugu wanne, wa kike wawili na wa kiume wawili. Dada yetu mkubwa anakaa Mountain View, mtaa ulio kando ya Waiyaki Way, upande wa magharibi wa Nairobi, jirani na Kangemi. Sisi wengine pia tuko papo hapo Nairobi. Baba yetu alipofariki hatukukaa kikao. Mama alipomaliza eda yake ya miezi minne na siku kumi, tulimfuata Malindi, tukaifunga nyumba yake, tukamleta kwa dada.

Tulimwandalia chumba cha chini ili asipande ngazi. Tulimtandikia zulia zito, tukamnunulia hita, tukamwekea televisheni ya kumwonyesha Makka mchana kutwa. Mtaa wenyewe ni wa amani. Kila nyumba ina ukuta na geti. Asubuhi magari hutoka, jioni magari hurudi, na katikati ya hapo husikii ila ndege na mashine ya kukata nyasi. Tulijipongeza. Mzee apewe nini tena zaidi ya utulivu?

Ilituchukua karibu mwaka mzima kuona yaliyokuwa mbele ya macho yetu. Kila mwezi uliopita mama alizungumza kidogo kuliko mwezi uliotangulia. Sahani yake ilirudi jikoni na nusu ya chakula. Julai, baridi ilipomwingia magotini, akawa hatoki chumbani mpaka saa tano za asubuhi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, naye amezaliwa na kuzeekea mahali ambapo bahari iko mlangoni. Tukadhani ni maradhi. Tulimpeleka kwa daktari, akapimwa damu, sukari na presha, akaonekana hana jipya.

Jibu alilitoa mwenyewe jioni moja, baada ya swala ya Maghribi, dada alipomuuliza ameshindaje.

"Leo nimeamkiwa na watu watatu," alisema mama. "Mmoja ni msichana wako wa kazi, na wawili ni askari wa getini."

Tukacheka. Yeye hakucheka.

"Nyumbani nikitoka kwenda dukani kununua ndimu, huamkiwa na watu ishirini kabla sijafika, na kila mmoja namjua kazaliwa na nani. Hapa hata adhana naisikia kwenye simu. Wanangu, mmenitunza, Mwenyezi Mungu atawalipa. Sasa nipeni funguo zangu."

Kila mmoja na hoja yake

Nyumba ya mama iko Shella, ile Shella ya Malindi, sehemu ya mji wa kale iliyo ufukweni. Aliirithi kwa baba yake. Ni nyumba ya mawe yenye vyumba sita na ua wa mkungu, na kutoka barazani hadi baharini ni vichochoro viwili.

Tulikutana sote wanne Ijumaa iliyofuata. Kaka yetu mkubwa alikataa katakata. Mama ana presha na moyo wake si wa kuchezewa. Nairobi akizidiwa, anafika kwa daktari bingwa kabla ya saa kwisha. Malindi usiku wa manane atafika kwa nani? Dada mkubwa alikuwa na hofu nyingine, na aliisema huku machozi yakimlenga: watu watasema tumemchoka mama yetu, tumemrudisha kama mgeni aliyekwisha siku zake.

Ndugu yetu mdogo alinyamaza mpaka mwisho, kisha akatoa lililokuwa moyoni. Dalali mmoja alikuwa amempigia simu mara mbili. Alikuwa na mnunuzi, mstaafu kutoka ng'ambo aliyetaka nyumba ya kale karibu na bahari, na bei aliyotaja ilitosha kununua nyumba Mountain View na chenji ikabaki. "Tunalipia ulinzi nyumba iliyofungwa," alisema. "Tuiuze, tumnunulie mama nyumba yake mwenyewe hapa hapa, karibu na dada."

Tuseme kweli kama tulivyoagizwa: wawili kati yetu waliona hilo ni jambo la busara. Na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba nyumba tuliyokuwa tukiipigia hesabu haikuwa yetu.

Mtaa unaopendwa na wastaafu

Si ajabu mstaafu wa ng'ambo kuitamani Malindi. Mji huo umezoea wageni kuliko miji mingi. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa Uchina. Mwaka 1498 Vasco da Gama alitia nanga hapo, akapewa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi, na nguzo yake ya mawe yenye msalaba ingali imesimama kwenye rasi. Hata kabla ya wageni hao kulikuwa na mji wa Waislamu. Pale Shella, kando ya Msikiti wa Juma, makaburi ya kale yenye nguzo yanaitazama bahari mpaka leo.

Katika miaka ya 1930 zilijengwa hoteli za kwanza za Wazungu, na baadhi ya walowezi wa bara, walipozeeka, waliona heri wamalizie umri wao hapo. Wataliano walifuata. Wengi wao walianza kuijua pwani hiyo kwa sababu ya kituo cha San Marco kule Ngomeni, ambako roketi zilirushwa kutoka kwenye jukwaa la baharini. Ndiko ilikorushwa setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970. Mwaka 1968 sehemu ya bahari ya Malindi ilikuwa imekwisha kufanywa hifadhi ya taifa, matumbawe na samaki wake wakalindwa kisheria. Kwa hiyo mtu mwenye pensheni ya Ulaya aliona mbele yake joto la mwaka mzima, samaki wabichi, bahari safi, na maisha ya gharama nafuu kuliko kwao. Akajenga.

Siku hizi wastaafu wa Kenya pia wamo. Tangu mwaka 2009 mtumishi wa umma hustaafu akiwa na miaka 60, na wengi wa bara wakishapokea kiinua mgongo chao hununua kiwanja Malindi, Watamu, Kikambala au Diani. Hatuwaonei kijicho, wala hao wa ng'ambo hatuwachukii. Wako miongoni mwao majirani wema waliosomesha watoto wa Malindi na kuwaajiri ndugu zetu. Sheria nayo iko wazi: kwa kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010, asiye raia hawezi kumiliki ardhi ya Kenya isipokuwa kwa ukodishaji usiozidi miaka 99.

Lakini pita kwenye barabara ya ufukweni mwezi wa Mei, msimu wa wageni ukiwa umekwisha. Utaona kuta ndefu, maua ya jirimbi juu ya kuta, mageti yaliyofungwa, na askari aliyekaa na mbwa kivulini. Mwenye nyumba yuko kwao mpaka Desemba. Utulivu upo, tena mwingi. Ni utulivu ule ule wa Mountain View.

Shella nayo ni mtaa wa utulivu, ila utulivu wake ni wa namna nyingine. Mchana watu wamelala kwa sababu wameswali Adhuhuri na wamekula. Mlango uko wazi, na pazia linapepea. Ukikohoa mara mbili, jirani huuliza dirishani, "Bibi, kwema?" Utulivu huo umeshikwa na watu. Nyumba moja ikiuzwa kwa mtu ambaye hatakaa, mtaa haufi. Zikiuzwa ishirini, aliyebaki hana wa kumuuliza kama kwema, na bibi aliyekuwa na mtaa mzima anabaki na ukuta. Mama yetu hakutwambia haya kwa maneno. Tuliyaona tulipomsindikiza.

Safari ya kushuka

Tulikubaliana kwa shingo upande: miezi mitatu ya majaribio. Mama akipata nafuu atabaki, asipopata atarudi Nairobi na hatalitaja tena jambo hilo. Tukapanda treni ya Madaraka, ile iliyoanza kazi mwaka 2017, saa tano hivi kutoka Nairobi hadi Mombasa, na baada yake kilomita 120 za barabara mpaka Malindi.

Treni ilipokuwa ikipita juu ya mto Tsavo, mjukuu mmoja aliuliza maji yale yanakwenda wapi. Mama, aliyekuwa kimya tangu Syokimau, akaanza kusema. Akamwambia Tsavo hukutana na Athi, na wakikutana huitwa Galana. Galana ikikaribia bahari huitwa Sabaki, na Sabaki humwaga maji yake kaskazini ya mji wa Malindi. Kisha akamuuliza, "Na Athi hupata wapi maji?" Mtoto hakujua, na sisi hatukujua vizuri. Mto Nairobi huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, ukakusanya vijito vya upande wetu wa magharibi, ukapita mjini, ukaingia Athi. Mvua inayonyesha juu ya paa la dada Mountain View ina njia ya kufika Malindi.

"Hata maji hurudi," alisema mama, akageuka dirishani. Wahenga walinena kwamba mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tulikuwa tumelisikia neno hilo tangu utotoni bila ya kufikiri kwamba lingeweza kumhusu mtu aliyekaa nasi kwenye behewa.

Miezi mitatu

Nyumba iliyofungwa kando ya bahari haisamehe. Chumvi ilikuwa imekula bawaba za milango na nondo za madirisha. Mchwa walikuwa wameingia kwenye boriti moja. Tulitumia fedha kuliko tulivyokadiria, na tunawashauri wengine wakadirie mara mbili. Bafuni tuliweka vishikio ukutani na sakafu isiyoteleza. Choo tukakiinua. Kitanda chake tukakihamishia chumba cha mbele, ili asikie sauti za barazani.

Mama alianza kula wiki ya kwanza. Asubuhi mtoto wa jirani humletea mahamri na mbaazi, naye humrudishia bakuli likiwa na kitu ndani, maana bakuli halirudishwi tupu. Saa nne wanawake wa mtaani huja kwake kuchambua mchele na kuzungumza. Ugomvi wa mke na mume uliokwama huletwa mbele yake akautuliza. Alasiri huketi barazani na watoto watokao chuoni humsomea waliyohifadhi, naye huwasahihisha bila ya kuangalia msahafu. Tulikuwa tumesahau kwamba mama yetu ni mtu wa kazi. Mountain View tulimpumzisha kazi zote, hata ile ya kuwa mtu wa maana kwa wengine.

Dada mkubwa, aliyeogopa maneno ya watu, alikaa naye mwezi wa kwanza. Majirani hawakumlaumu. Walimshukuru kwa kuwarudishia mama yao.

Usiku wa ugonjwa

Mwezi wa tatu kaka yetu alithibitishwa. Usiku mmoja wa kusi, upepo ukivuma, mama alishikwa na maumivu ya kifua. Msichana anayelala naye alipiga ukuta wa jirani kwa mwiko, na kabla hajamaliza kupiga wanaume wawili walikuwa mlangoni. Walimtoa na kiti chake, wakampakia kwenye tuktuk ya kijana wa mtaa wa nyuma, wakamfikisha hospitali kwa muda mfupi kuliko ambao sisi, pale Mountain View, tungetumia kutafuta funguo za gari na kumwamsha askari wa geti.

Hapo ndipo palipoishia uwezo wa majirani. Alitulizwa maumivu, lakini mtaalamu wa moyo hakuwapo usiku ule, ikabidi apelekwe Mombasa. Kilomita 120 za usiku na mgonjwa mwenye umri wa miaka 74 si kitu cha kusimuliwa kwa wepesi. Sisi tulizipitia kwa simu tukiwa Nairobi, mmoja wetu amekaa sakafuni, mwingine anasoma Yasini. Alhamdulillahi, alifika, akatibiwa, akarudi.

Kwa hiyo hatutawaambia wasomaji kwamba mtaa wa pwani ni pepo. Hewa ya bahari haitibu moyo, na jirani mwema si daktari. Kaka alisema kweli. Tulipokutana tena tulikuwa tayari kumrudisha mama Nairobi, na safari hii wote wanne tulikuwa upande mmoja. Mama alitusikiliza mpaka tukamaliza.

"Mmeniuliza nitakufa wapi," alisema. "Hilo halijui mtu. Niulizeni nitaishi wapi."

Hatukuwa na jibu. Tukaacha kubishana kuhusu mahali, tukaanza kupanga namna.

Namna tuliyopanga

Tunaandika mpango wetu kwa sababu huenda ukamfaa mwingine. Mama huonwa na daktari wa moyo Mombasa kila baada ya miezi mitatu, kwa miadi, mchana, bila ya kungoja azidiwe. Dawa za mwezi mzima huwa nyumbani, na karatasi yenye majina ya dawa na vipimo vyake imebandikwa nyuma ya mlango wa chumba, mahali ambapo jirani yeyote ataiona. Kijana wa tuktuk analipwa kidogo kila mwezi ili simu yake iwe wazi usiku. Mchango wa mama wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, tunaulipa kabla ya wakati wake. Na sisi wanne tumegawana mwaka: hakuna mwezi ambao mmoja wetu hayuko Malindi angalau kwa siku tano.

Kaka mkubwa, aliyepinga zaidi, ndiye anayekwenda zaidi. Anasema anakwenda kukagua vishikio vya bafuni.

Nyumba ya mama ni ya mama

Likabaki suala la dalali, ambaye hakuchoka kupiga simu. Tulikwenda kwa wazee wenye elimu ya sheria, na walichotuambia kilitutia haya. Mwanamke katika Uislamu ni mwenye mali yake. Mama akiwa hai na mwenye akili timamu, hakuna mirathi. Watoto wake hawana hata tofali moja la kupigia hesabu. Anayeweza kuuza ni yeye, na anayeweza kukataa ni yeye. Mashauriano yetu yote ya bei yalikuwa mazungumzo ya watu wanaogawana koti la mtu aliyelivaa.

Tuliuliza pia yatakayofuata baada yake, kwani wengi huogopa kuuliza mpaka maiti imeshazikwa na mioyo imeshachafuka. Kenya, mirathi ya Mwislamu huenda kwa sheria ya Kiislamu, na Mahakama ya Kadhi inatambuliwa na kifungu cha 170 cha Katiba. Kwa familia kama yetu, wana wawili na mabinti wawili, na wazazi wake wametangulia, mali hugawanywa mafungu sita: kila mwana mafungu mawili, kila binti fungu moja. Mama alipoambiwa hivyo alitazama nyumba yake ya vyumba sita akatabasamu. Wasia hauzidi theluthi, na haumwendei mrithi ila warithi wenzake waridhie. Na mshirika anapotaka kuuza sehemu yake, ni haki ya mshirika mwenzake kupewa nafasi ya kwanza ya kununua kabla ya mtu wa nje.

Hilo la mwisho ndilo tuliloliandika na kutia saini sote wanne, mbele ya mama na mashahidi. Siku itakapofika, atakayetaka fedha zake atalipwa na wenzake, hata kwa awamu, na nyumba itabaki na mtu ndani yake. Ndugu yetu mdogo alitia saini wa kwanza, kisha akampigia simu dalali mbele yetu, akamwambia kwa adabu kwamba mwenye nyumba amerudi.

Tuliyojifunza

Wako wasomaji ambao wazazi wao wana furaha Nairobi, wana misikiti, jamaa na marafiki huko, na kuwahamisha kungekuwa dhuluma. Wako ambao pwani hawana tena mlango unaowafungukia, na utulivu wa ufukweni kwao ungekuwa upweke wenye upepo mzuri. Hatumpangii mtu. Tunawaombeni mwulize mambo matatu kabla ya kumhamisha mzee, popote aendako.

La kwanza: ni watu wangapi watakaomwamkia kwa siku, na wangapi watagundua asipoonekana? La pili: akishikwa usiku, nani atafungua mlango, nani atamchukua, na daktari anayemfaa yuko umbali gani? La tatu: ameulizwa mwenyewe? Sisi tulikuwa na jibu la pili peke yake, na kwa jibu hilo tulimweka mama mwaka mzima kwenye chumba chenye zulia zito.

Na kwa wale wenye nyumba za wazee wao katika mitaa ya kale, Malindi, Lamu, Mombasa au kwingineko, tunasema neno moja zaidi. Kuuza si haramu, na shida haina adabu. Lakini anayenunua kwa sababu ya utulivu wa mtaa hauoni ukiandikwa kwenye hati. Utulivu ule ni wa mtu aliyeitika dirishani na aliyepigiwa ukuta kwa mwiko akatoka. Tukiondoka sote, mnunuzi atabaki na bahari tu.

Novemba iliyopita vuli ilinyesha sana Nairobi. Mountain View maji yalijaa kwenye mitaro, Waiyaki Way magari yalisimama, na umeme ukakatika siku mbili. Siku kadhaa baadaye, mama alimpigia dada simu baada ya Alfajiri. Kaskazi ilikuwa imeanza, na huo ndio upepo unaoyaleta maji ya Sabaki upande wa mji. Bahari ya Malindi ilikuwa nyekundu kwa udongo wa bara, udongo ambao kila mwaka huzidi kuusogeza ufuo mbele na kuwaudhi wavuvi.

"Mvua yenu imefika," alisema mama. "Nyinyi mnakuja lini?"

Mwenyezi Mungu atuhifadhie wazazi wetu walio hai, awarehemu waliotangulia, na atujaalie tuwe majirani ambao mtu akizeeka hatawaogopa. Amin.